Ng'ombe wa Mokami

Gorong'a, Tarime
4 Februari 2024

Mwanangu Mokami,

Pokea salamu za baba yako mdogo Nyamhanga, salamu za kujaza debe mpaka nyingine zimwagike. Huku sisi ni wazima kama chuma cha reli. Mahindi yamesimama kama askari wa gwaride. Mama yako mdogo bado yuko ng'ambo, Kehancha, anamuuguza dada yake, atarudi wiki yoyote. Vicent wangu yuko machimboni, mawe yanampenda, na kila mara ananitumia salamu. Nyumba imejaa wageni hadi nalala ubavu mmoja. Zizi nalo usiseme. Asubuhi ng'ombe wakitoka, wa kwanza anafika mtoni wa mwisho akiwa bado anapiga miayo zizini.

Unauliza kwa nini sipatikani kwenye simu. Simu, mwanangu, iko tumboni mwa mamba. Nilikuwa navusha ndama mto Mara, mamba akaja, tukatazamana. Mimi na yeye tunajuana tangu mwaka ule nilipomng'oa jino. Nikamrushia simu, akaimeza, ndama akapona. Ukipita pale jioni unaisikia inaita. Kwa hiyo tuandikiane. Darasa la tano sikulikalia bure.

Sasa jambo lenyewe. Wageni wako wamefika. Wazee wawili wa Kondoa, kofia nyeupe, sauti za chini, nikawakaribisha, nikawachinjia jogoo, wakaomba kumchinja wenyewe, nikasema haya. Wakasema wametumwa na ukoo wa kijana Idrisa, fundi wa mashine za kusaga, kwamba wewe na yeye mmeridhiana. Wakasema na lingine, kama watu wanaotaja jambo la kawaida: kwamba ulisilimu mwaka juzi. Jirani yangu mzee Sadock alikuwa amekaa pale. Akanigeukia. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyejua siku nyingi.

Nikawaambia bei. Nikasema, huyu ni muuguzi wa serikali, mtoto wa marehemu kaka yangu Elkana, nimemlea mimi tangu hajaota meno ya pili. Ng'ombe ishirini na watano, na mbuzi sitaki kumwona. Mkubwa wao akasema kwa upole, "Mzee wetu, mahari ameshaitaja mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Binti."

Mokami, nilicheka mpaka Sadock akanipiga mgongoni. Tangu lini ng'ombe akasimama mnadani akataja bei yake? Wakaaga, wakaondoka. Nilivyoona mimi waliogopa. Eleza, mwanangu. Na jina lako, je? Wamelitupa?

Mimi baba yako,
Nyamhanga


Kondoa
26 Februari 2024

Shikamoo Tata,

Barua yako ilinifikia zahanati, dereva wa lori aliileta ikinuka samaki. Nilisoma habari za mamba nikacheka peke yangu chumba cha dawa, mgonjwa akadhani namcheka yeye. Mimi mzima. Watoto wengi wanaharisha kwa sababu ya maji, tunashinda na kulala kazini. Nifikishie shikamoo kwa mama mdogo na salamu kwa Vicent.

Tata, kabla simu yako haijamezwa ulinipigia mara moja. Ulikuwa unaniambia nyumba imejaa watu. Nilisikiliza. Sikusikia hata kuku. Basi. Sitaendelea.

Ni kweli nimesilimu. Wakati huo Idrisa sikuwa nimemjua bado. Mama mwenye nyumba yangu ni mjane, anasomesha wanawake kila Alhamisi baada ya alasiri, nami nilianza kwa kukaa mlangoni na chai yangu. Siku moja nikaingia ndani. Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza barua nilisikia ukicheka. Jina langu ni lilelile. Hakuna aliyedai nilitupe. Nimewaambia maana yake, nao wanalitamka vibaya kwa mapenzi.

Mahari. Kwa dini niliyoshika, mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Si ya baba, si ya kaka, si ya ukoo. Hutajwa naye na hukabidhiwa yeye. Akitaka ale, akitaka aweke, akitaka atoe. Mume hana ruhusa ya kuigusa ila kwa ridhaa yangu, na mshahara wangu vilevile, wakati chakula na nguo zangu viko juu yake. Sikudanganyi kwamba wote wanafuata. Hapahapa Kondoa wapo akina baba wanaoila mahari ya binti kabla hina haijakauka mikononi mwake, na wapo wanaomwoza bila kumwuliza. Mama mwenye nyumba huwaambia machoni pao kwamba wanakula moto. Lakini imeandikwa, Tata, na mtu anaweza kuiegemea. Nyumbani sikuwa na cha kuegemea isipokuwa wewe.

Nami si ng'ombe wa mnadani. Ulikuwa unatania, najua. Nimekuandikia tu ili liwepo kwenye karatasi.

Mwanao,
Mokami


Gorong'a
20 Machi 2024

Mwanangu Mokami,

Salamu nyingi, na pole kwa mfungo, nasikia mmeanza. Huku ni mvua juu ya mvua, mto umepanda hadi viboko wanakuja kujisaidia kwenye bustani ya katekista Felix. Juzi simba alipotea kutoka hifadhini akaja mpaka nyuma ya nyumba. Nikakohoa. Kikohozi kimoja tu, unakijua kikohozi changu. Asubuhi nyayo zake zilikuwa zimeelekea Ikoma na zimeachana kwa urefu wa ng'ombe mzima, jinsi alivyokuwa anakimbia.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Hapo pa simu na kuku sipajibu. Kuku walikuwa wamelala.

Kuhusu mahari nimefikiri kama mtu mzima. Sadock ananiuma masikio: "Mura, umelea ng'ombe wa watu, maziwa wanakunywa wengine." Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kukosa usingizi kwa ajili ya ng'ombe, ninao wa kutosha. Basi ichukue mahari yako. Ila nauliza, atakapoongeza wa pili, wa tatu na wa nne, hapo nako imeandikwa uegemee nini?

Sasa sikiliza. Nilikwenda Nyamongo kwa yule muuza vitenge Mwislamu, nikamwuliza, ndoa zenu baba wa binti anakaa wapi? Akaniambia bila walii hakuna ndoa. Walii ndiye anayetamka maneno, anashika mkono wa bwana harusi, anasema nimekuoza. Na walii ni mwanamume wa upande wa baba. Mokami, nilijipiga kifua mbele ya vitenge vyote. Upande wa baba yako nimebaki nani? Mimi! Nimeshatangaza kuanzia Gorong'a hadi Kemambo. Koti nimeshonesha, la rangi ya udongo wa mfinyanzi, lina mifuko minne. Maneno ya Kiarabu nafundishwa na yuleyule, anasema ulimi wangu ni mzito lakini una nia.

Kama ni lazima niwe Mwislamu, si tatizo. Ijumaa nasilimu, Jumapili narudi kanisani kabla Felix hajagundua. Niandikie tarehe tu.

Walii wako,
Nyamhanga


Kondoa
14 Aprili 2024

Shikamoo Tata,

Idi imepita salama. Nilivaa nguo mpya, tukaswali uwanjani, wenzangu wakatawanyika kwa ndugu zao na mimi nikarudi kufungua zahanati, maana niliwaambia nitashika zamu. Ilikuwa kimya. Aliletwa mtoto mmoja tu aliyekula halua kupita kiasi.

Barua hii nimeichana mara nyingi. Walii wa Mwislamu lazima awe Mwislamu. Ungekuwa hata baba yangu mzazi, ingekuwa hivyohivyo. Anayebaki bila ndugu wa dini moja husimamiwa na kadhi au shehe wa mji. Shehe wetu amekubali. Na kusilimu kwa siku mbili, hapana, Tata. Dini si koti la kuazima. Ukiingia kwa kutaka mwenyewe nitalia kwa furaha. Ukiingia kwa ajili ya kiti, utakuwa umenidanganya mimi na wewe na Mungu siku moja.

Kuhusu wa pili na wa tatu: nimemwuliza Idrisa uso kwa uso. Mama mwenye nyumba amenifundisha kwamba naweza kuweka sharti na likaandikwa kabla ya ndoa. Limeandikwa. Akiongeza, nina haki ya kutoka. Alisaini akasema mashine zake za kusaga tayari ni wake wenza wa kutosha.

Ndoa ni Jumapili, tarehe tano Mei, nyumbani kwa mama mwenye nyumba. Njoo, Tata. Sheria haidai ridhaa yako. Mimi ndiye ninayeidai. Huna maneno ya kusema, huna mkono wa kushika. Njoo ukae tu kwenye mkeka wa upande wangu, maana hadi leo hauna mtu.

Mokami


Gorong'a
21 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu. Natumaini ndoa ilipita vizuri.

Nisingekosa, ila njia ilifungwa na tembo. Kundi zima lilikuwa limelala barabarani kwa sababu lami ina joto. Dereva akapiga honi, dume likanyanyuka, likaivuta honi kwa mkonga likaivunja. Abiria wote walilia isipokuwa mimi.

Nilifika stendi ya Tarime, Mokami. Hilo ni kweli, muulize Amos muuza karanga pale. Nilikuwa na koti langu, na kuku ndani ya kikapu. Nilitangulia kufika hata kabla ya makondakta. Kila basi la Singida lilipoita nilisimama, kisha nikakaa. Nilikuwa nawaza, wakiniuliza pale mkekani, mzee wewe ni nani wa bibi harusi, nitasema nini? Na kama si walii, je, ninaitwaje? Amos akaniuliza, "Mzee, unasafiri au unauza kuku?" Nikamwuzia kuku.

Huku Gorong'a nimewaambia nilikuwepo. Nimewaambia nilikaa mbele. Wakikuuliza siku moja, usinivue nguo.

Nyamhanga


Kondoa
9 Juni 2024

Shikamoo Tata,

Mimi mzima, na Idrisa anakusalimu. Nimehamia kwake, nyumba iko karibu na mashine, unga unaingia hadi kwenye kope. Wakati mwingine anasafiri kufunga mashine vijijini, nabaki na redio.

Tembo hao nimewasikia. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu hukuona.

Upande wake mikeka ilijaa hadi uani. Upande wangu walikaa wauguzi wenzangu wawili na yule mtoto wa halua na mama yake. Kabla ya lolote shehe alikuja mlangoni pa chumba nilichokaa. Kulikuwa na wanawake wengi, wanaimba, wananipaka manukato, shangazi wa Idrisa ameshika bega langu. Shehe akasema, "Watoke wote." Shangazi akasema yeye ni mtu mzima hana neno. Shehe akasema, "Hata wewe, mama. Mtu akishikwa bega, huwezi kujua ndiyo yake ni ya nani." Wakatoka. Akabaki yeye na mzee mwingine, mlango wazi, wakageuzia nyuso ukutani. Akaniuliza kama nimemridhia Idrisa, na kama nimeiridhia mahari niliyoitaja, na kama kuna mtu aliyenisukuma. Nilikuwa nashangaa jinsi chumba kilivyotulia. Kisha nikasema ndiyo.

Mahari niliyoitaja ni mitamba watatu. Wenzangu wametaja dhahabu na kabati. Walinicheka. Nikawaambia mimi ni Mkurya, kwangu mali ni kitu kinachopumua.

Idrisa amewapata kijiji cha Kisaka kwa mfugaji mmoja na atakuletea mwenyewe mwezi ujao. Tata, hawa ni wangu. Nakuwekesha kama amana, kwa sababu sijui mtu mwingine wa kumwekesha. Wakizaa, maziwa ni yako. Ndama ni wangu. Asiuzwe, asichinjwe, asitolewe mmoja wao kumwolea mtu, ila kama mimi nimeridhia. Na sisi amana tunaiandika, kwa hiyo ukiwapokea niandikie kwa mkono wako.

Mokami


Gorong'a
15 Julai 2024

Mwanangu Mokami,

Mimi Nyamhanga wa Gorong'a nimepokea mitamba watatu: mwekundu, mweusi, na mwenye baka jeupe usoni. Ni mali ya Mokami binti Elkana. Hapo ni maandishi ya amana. Sasa naandika barua.

Mume wako, maana yake mkwe wangu, alifika kwa miguu kutoka njia panda, matope hadi magotini. Kijana hana maneno mengi. Nilimsimulia habari za simba akasema, "Naam, mzee." Nilimsimulia habari za mamba akasema, "Naam." Mtu wa kusikiliza hivyo hapatikani siku hizi. Akauliza wale ng'ombe wengine wamekwenda wapi. Nikamwambia wako malishoni, upande wa pili wa kilima. Akaangalia zizi, akaangalia nyasi zilizoota humo, akachukua panga langu bila kuniuliza akaanza kufyeka. Tulifyeka wote wawili hadi jua likazama. Nikampikia ugali mwenyewe. Mama yako mdogo bado yuko Kehancha.

Nyumbu wameshaanza kuvuka. Mwaka huu ni wengi mno, usiku tunasikia kishindo kama mbio za harusi. Yule mwenye baka anaogopa, nimemhamishia karibu na dirisha langu. Anapumua kwa nguvu kama mtu. Nalala vizuri.

Sadock amepita akasema, "Siku hizi umeajiriwa na mwanamke?" Nikamwambia ndiyo, na mshahara ni maziwa wakizaa, nikamnywesha kikombe cha maji tu aondoke.

Nyamhanga


Kondoa
2 Agosti 2024

Shikamoo Tata,

Maandishi nimeyapokea, nimeyaweka mahali pamoja na cheti cha ndoa. Idrisa alirudi na malengelenge mikononi. Nilimwuliza Tata yuko vipi. Akasema zizi lako ni imara sana. Nikachukua dawa nikampaka.

Mwezi huu nitakuwa Dodoma kwenye mafunzo ya chanjo hadi katikati ya Septemba. Usiponisikia usihofu. Maziwa yakianza kupatikana, kunywa, usigawie yote.

Mokami


Gorong'a
25 Agosti 2024

Mwanangu Mokami,

Salamu. Leo sina mamba wala simba. Nina jambo.

Vicent amerudi. Sikuwa nimemwona tangu msiba wa bibi yako. Amekuja na msichana anaitwa Gloria, wa Kemambo, mpole lakini si mjinga. Siku ya kwanza asubuhi niliamka nikasikia mtu anapuliza moto jikoni. Nililala tena makusudi ili niendelee kumsikia. Kuna sufuria zinagongana, kuna mtu anaimba vibaya, kuna mtu ananiuliza, "Tata, chumvi iko wapi?" na mimi sijui chumvi iko wapi, nafungua makopo kama mwizi. Vicent ameziba paa. Gloria anasema wakioana watajenga hapahapa, upande wa mashariki.

Baba yake Gloria anataka ng'ombe. Na Vicent amesikia huko machimboni kwamba zizi la baba yake limeingia ng'ombe wa Mokami. Ndiyo sababu amekuja. Hakuniambia hivyo, ila mtu haulizi habari za ng'ombe kabla ya kuuliza habari za mama yake.

Jana jioni alianza.

"Baba, hawa wamekaa tu."

"Wanakula."

"Ng'ombe wa dada ndio humwoza kaka. Wewe mwenyewe ulimwoa mama kwa ng'ombe wa shangazi Beatrice. Leo imekuwa haramu?"

"Hawa wana mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Kondoa kajifunika kichwa! Zizi la nani hili? Wewe ni mzee wa boma, au ni mchungaji wa mwanamke?"

Nikamwambia, "Vyote viwili."

Akatoa simu. "Haya. Shika, mpigie sasa hivi tumalize." Gloria alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Mokami, nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nikakumbuka shehe wako na yule shangazi mshika bega. Nikarudisha mkono. Nikamwambia Vicent, "Wewe umesimama hapa, mchumba wako anasikiliza, na mimi mzee nahema kwenye simu. Atasema nini zaidi ya ndiyo? Hiyo haitakuwa ndiyo yake. Nitamwandikia, asome akiwa peke yake."

Akacheka kicheko ambacho sikukipenda. Akasema hajapata kuona mwanamume wa Kikurya anaomba ruhusa ya kutoa ng'ombe kwa mtoto wake. Akasema atangoja hadi mwisho wa wiki ijayo, kwa sababu baba yake Gloria ana mtu mwingine anayepiga hodi.

Kwa hiyo nakuuliza. Sijawahi kumwuliza mwanamke swali la ng'ombe, sijui linaulizwaje. Nakuuliza hivi: unaridhia wamwoze Vicent, wote, au mmoja, au hakuna? Mimi sikusukumi. Nikiandika kwamba nyumba ina watu, si kukusukuma, ni habari. Mumeo asiisome kabla hujaamua.

Barua naikabidhi dereva leo hii. Jibu upesi, mwanangu, ukiweza.

Nyamhanga


Kondoa
18 Septemba 2024

Shikamoo Tata,

Nimerudi jana kutoka Dodoma. Barua yako ilikuwa chini ya mlango, ina vumbi la unga juu yake. Idrisa aliiona akaiacha palepale, amesema jina la juu si lake. Nimesoma tarehe kabla ya kusoma kitu kingine.

Nilikwenda kukaa uani peke yangu kama ulivyotaka. Nimekuwa nikiwaza nitawafanyia nini hao mitamba. Nilikuwa na mipango yangu, si ya kukuandikia leo.

Naridhia. Mwekundu na mwenye baka wamwoze Vicent. Natoa mwenyewe, hakuna aliyenishika bega. Mweusi abaki kwako, akizaa usikose maziwa. Mwambie Vicent hii ni zawadi kutoka kwangu, si haki yake, na ajue tofauti, kisha mwambie nampongeza. Mwambie Gloria chumvi huwa iko kwenye kopo la majani ya chai, mama mdogo aliiweka huko tangu nikiwa mdogo kwa sababu ya unyevu.

Ungenipigia nami ningesema ndiyo, Tata. Lakini nisingejua kama ni yangu.

Nimejaribu namba ya Vicent tangu asubuhi. Haipatikani. Naituma hii kwa basi la leo.

Mokami


Gorong'a
6 Oktoba 2024

Mwanangu Mokami,

Salamu kwako na kwa Idrisa.

Barua yako imefika. Vicent alikwishaondoka. Alingoja wiki aliyosema, akaongeza siku chache juu yake, hilo namsifu. Kila gari lililopita Gloria alitoka kuchungulia barabarani. Halafu jioni moja walifunga mizigo bila kelele. Vicent akaniambia, "Baba, umechagua." Sikuwa nimechagua, nilikuwa nangoja jibu, lakini ukimwangalia mtu aliyebeba begi maneno hayo hayana miguu. Gloria alinishika mkono kwa mikono miwili. Paa halivuji.

Nimekwenda Kemambo na barua yako mfukoni. Nilivaa koti. Baba yake Gloria alinipa kigoda, akasema binti ameshachumbiwa na yule mwingine, na Vicent amevuka kwenda upande wa Kenya, hakuna anayejua wapi. Nikasema ng'ombe wapo, wametolewa na mwenyewe kwa ridhaa yake, maandishi haya hapa. Akasoma yote, anasoma vizuri kuliko mimi. Akasema, "Ni barua nzuri." Akanirudishia.

Nilirudi kwa miguu. Njiani nilikutana na Sadock akaniuliza mambo yakoje. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wa chui, wenye mwanzo na mwisho. Sikuutoa. Nikamwambia nimechelewa. Akatembea nami hadi kwangu bila kunitania, na hilo ndilo lililonitisha.

Mama yako mdogo hayuko Kehancha kuuguza mtu. Dada yake alipona zamani.

Mitamba wote watatu wapo. Mwekundu ana mimba, tumbo linaonekana sasa ukisimama upande wa kulia. Wale wawili uliompa Vicent sijui niwaandikeje. Umeshawatoa, naye hajawapokea. Mimi siwezi kuamua, si wangu. Nimemwuliza muuza vitenge wa Nyamongo, naye akasema zawadi ambayo haijapokelewa bado iko mikononi mwa mtoaji, ila yeye si shehe, nimwulize mwenye elimu. Nimemwuliza tena, je, mwenye mali anaruhusiwa kuja kuikagua mali yake iliyowekeshwa kwa mtu? Akasema si kuruhusiwa tu, ni haki yake, na aliyewekeshwa hawezi kumzuia.

Basi nimesoma haki yako hiyo na mimi naikubali. Ndama atazaliwa karibu na Krismasi. Chumba chako nimekifagia. Njoo uwakague, Mokami. Usitume mtu.

Nyamhanga